Kenge Aliyekaribishwa Muhogo

Hamjambo nyote mlioketi? Haya, tulieni basi. Na wewe unayetafuna muwa, hebu ngoja kidogo, tusikilizane.

Jini wa kisimani alimwibia Riziki sauti alipokwenda kuchota maji. Akamwambia mama wa Riziki, Mwanasiti, "Leo nitapita bustanini kwako kwa umbo la mnyama. Ukinishika, namrudishia. Ukishika mwingine, basi tena, mwanao bubu milele."

Mwanasiti akakaa mlango wa uani na sahani ya muhogo, anakula huku macho kwenye matembele.

Akaja kobe. Mwanasiti alitaka kumrukia, lakini atakulaje mbele ya mwenziwe kimya kimya? "Karibu," akasema. Kobe akaficha kichwa.

Akaja nguchiro. "Karibu." Nguchiro huyoo, akatimua mbio!

Jua likaanza kuzama. Akaja kenge, anaburuta mkia juu ya miche ya bamia.

"Karibu," akasema Mwanasiti.

"Starehe, mama," kenge akajibu.

Wakatazamana. "Kumbe ni wewe!" Mwanasiti akaudaka mkia.

Kenge akacheka mpaka machozi. "Adabu imeniponza! Kila nikipita kwa watu napigwa mawe. Leo nimekaribishwa, ningenyamazaje?"

Mara sauti ikatoka ndani. "Mama! Mbona mgeni humpi muhogo?"

Mwanasiti akalia, akamkatia kenge kipande kikubwa kuliko vyote.

Mimi naondoka, nimeacha chungu motoni. Nitarudi jioni nyingine, mnisogezee mkeka.