Pima Kumi na Mbili

Amur alifika Maskati mwaka 1964 akitokea Unguja, mikono mitupu, mkewe mja mzito. Alipata riziki Sidab, kijiji cha wavuvi chini ya majabali meusi, akishirikiana mashua na Bakhit, mzaliwa wa hapo aliyejifunza Kiswahili ujanani alipokuwa baharia. Bakhit alimfundisha majira ya bahari ile. Baridi ikiingia, nguru hupanda juu wakavuliwa kwa mshipi. Joto likishika, samaki hukimbilia vilindini, na hapo hapana budi kutega madema. Amur alijifunza upesi, na kila alipopata samaki wengi alizidi kuamini kuwa hana tena la kuambiwa.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Mei, kamba ya dema lao kubwa ilikatwa na mwamba. Walipochungulia waliliona limekaa chini, limejaa chewa, maji maangavu kama kioo. Amur akavua shati. Bakhit alimsihi kwanza watupe bildi, ile risasi ya kupimia kina, kwani maji ya huko humdanganya mtazamaji.

"Nnaliona kwa macho yangu," alisema Amur. "Hazizidi pima tano. Nimezamia Nungwi kabla sijaota ndevu."

Akajitosa. Bakhit alimwona akishuka, akishuka, mpaka akawa mdogo kama kidole, kisha akaanza kufurukuta. Kipande cha kamba kilikuwa kimemnasa mguu. Bakhit alishika kisu, akamfuata.

Amur aliibuka peke yake, kamba iliyokatwa kwa kisu ikimning'inia mguuni, damu ikimtoka puani na masikioni. Akang'ang'ania ubavu wa mashua. Maji yalikuwa maangavu vile vile, na alimwona mwenzake vizuri, amelala kando ya dema, hatikisiki. Mara mbili alijaribu kumrudia. Mara mbili maumivu yalimrudisha juu.

Alasiri wanaume wa Sidab walimwopoa maiti. Kamba waliyoishusha ilipopimwa, ilikuwa pima kumi na mbili.

Sayyida, mjane wa Bakhit, alikuwa amekaa eda. Alizungumza na Amur nyuma ya pazia.

"Shemeji, niliona chini," alisema Amur.

"Uliona, hukupima," alijibu Sayyida. Masikio ya Amur yalikuwa yameharibika, ikambidi mjane arudie kwa sauti, wanawake wote wakisikia. "Hukupima. Aliyekupimia ni Bakhit."

Tangu siku ile Amur hakuvua tena. Alibeba magunia forodhani Matrah, akawalisha watoto wa Bakhit pamoja na wake, nao hata mmoja hakumwita ami. Ama kweli, maji usiyoyafika hujui wingi wake.