Mwana wa Jumbe Asiyejua Hodi

Hodi masikioni mwenu!

Karibu, ingia na hadithi!

Basi hapo kale, kale hasa, watu na wanyama walipokuwa wakisalimiana njiani, palikuwa na Jumbe, mtawala wa mji. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, akiitwa Fumo. Jumbe alimpenda mpaka ikawa taabu. Fumo akitaka kutembea, anabebwa. Akitaka kula, anamegewa tonge. Akikaribia mlango, watumishi wameshaufungua. Mnacheka? Mimi namwonea huruma. Kijana ana ndevu, hajawahi hata kujimenyea chungwa!

Siku moja akasema, "Baba, nataka kwangu."

"Kwako ni hapa."

"Hapa ni kwako, baba. Mimi nataka kwangu."

Jumbe akaumia moyo. Akasema, "Haya, nenda. Mvua zikianza nitakuja. Nikikukuta huna pa kulala, unarudi ndani, na hutoki tena maadamu mimi ni hai."

Fumo akaondoka peke yake, kwa miguu yake laini.

Akafika kwa ndege Kanga, ametulia kichakani analalia mayai. Fumo akaingia moja kwa moja. Pwaa! Yai likapasuka. Kanga akamdonoa mpaka akatoka mbio.

"Mtu gani huyu, anaingia tu!"

Akafika kwa Nungunungu. Akaingia moja kwa moja shimoni. Miiba ikamjaa mapajani.

"Mtu gani huyu, anaingia tu!"

Akafika kwa mama Ngiri. Mara hii aliogopa kuingia. Akakaa nje, njaa inamuuma, akalia. Alilia kweli, jamani, maana aliona atarudishwa ndani na hatatoka tena.

Mama Ngiri akachungulia. "Mwanangu, mbona umekaa hapo kama mzigo? Si upige hodi!"

"Hodi ni nini, mama?"

Ngiri akamtazama. "Kwani kwenu mnaingiaje?"

"Milango hufunguka yenyewe."

"Haifunguki yenyewe, mwanangu. Kuna mtu anaifungua, hujamwona tu. Simama nje, sema hodi. Usipoitikiwa mara ya tatu, nenda zako. Nyumba ya mtu ni ya mtu, hata ikiwa shimo."

Fumo akarudi kwa Kanga. Hodi! Akaomba radhi kwa yai lile. Kanga akanuna, kisha akamwonyesha nyasi nzuri za kuezekea. Akarudi kwa Nungunungu. Hodi! Nungunungu akamchimbia mashimo ya nguzo. Mama Ngiri akamfundisha kuchimba viazi. Mikono ikamtoka malengelenge. Kibanda kikasimama, kimeinama upande kidogo, lakini kimesimama.

Mvua zikaanza. Jumbe akaja na watumishi wake na mpiga pembe wake. Akasimama mbele ya kibanda. Maisha yake yote hakuwahi kukutana na mlango uliofungwa.

"Fungua!"

Kimya.

"Ni mimi, Jumbe!"

Kimya.

Watumishi wakataka kuusukuma. Ndani, Fumo ameshika komeo, machozi yanamtoka. Alimpenda sana baba yake. Lakini mlango ule ukisukumwa, hana kwake tena.

Jumbe akawazuia watumishi. Mvua inamlowesha kilemba. Akasogea karibu, akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayejifunza neno:

"Hodi, mwanangu."

Mlango ukafunguka hapo hapo. "Karibu, baba. Karibu kwangu. Viazi viko jikoni."

Jumbe akainama, maana mlango ulikuwa mfupi, akaingia. Akala viazi, vimeungua kidogo. Akaomba vingine.

Basi wazazi, mtoto akikua mwacheni awe na mlango wake, nanyi mjue kuupigia hodi. Na ninyi vijana, anayetaka kwake aanze kwa kuheshimu kwa wenzake.

Hadithi yangu nimeifungia mlango hapo. Anayeitaka, apige hodi.