Msitu Uliovaa Kanga

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, na sijathubutu kumuuliza alikuwa na maana gani. Isome, kisha mpelekee yeyote aliyeoa.

Palikuwa na mfalme aliyeitwa Shekiondo. Alikuwa na msitu mnene wa mvua uliofunika mlima mzima, na chemchemi zote za nchi zilitoka humo. Alipoona miti inapungua, akaufunga. Hakuna kuni, hakuna uyoga, hakuna asali, hata jani la dawa. Akaweka askari kila njia.

Miti ikazidi kupungua.

Mfalme akapanda hadi kijiji cha ukingoni mwa msitu, akafoka: "Masika yakifika nikakuta kisiki kimoja kipya, wote mnahamia nyikani."

Nyikani hakukuwa na maji wala kivuli. Hata mbuzi walipita huko mbiombio.

Akasimama Nakijwa, mjane muuza uyoga, mwenye mabinti wengi na wote wameolewa.

"Mfalme, umewafundisha watu wizi," akasema. "Mtu akishaitwa mwizi kwa ajili ya uyoga, ya nini auache mvule?"

"Sasa nifanyeje, mama? Niongeze askari?"

"Askari wako hawaogopwi. Ninayeogopwa ni mimi. Tazama."

Akapiga hatua moja kuelekea walikokaa wanaume. Wakwe zake wote wakatumbukia mtaroni, mmoja na kigoda chake.

Katika nchi ile, mwanamume hamkaribii mama wa mkewe. Akikutana naye njiani huvua viatu, huinama na kumpisha, hata kama pembeni ni miiba mitupu. Siwacheki. Mimi nimevuka mipaka mingi na kupekuliwa na maofisa wa kila aina, lakini sijawahi kutetemeka kama siku niliyokutana na mama mkwe wangu sokoni nikiwa nimevaa bukta.

Ila mila hiyo ina upande wa pili: mama mkwe naye hamnyimi mkwewe chakula.

"Tuachie msitu mpaka masika," akasema Nakijwa. "Uyoga, asali, dawa na kuni kavu viwe vyetu. Miti mibichi tutailinda wenyewe."

Mfalme akakubali, hasa kwa kuwa askari wake walikuwa walaji.

Kesho yake kina mama wenye wakwe wakaingia msituni na kanga zao kuukuu, wakaifunga miti mikubwa viunoni. Kuanzia hapo, mti wenye kanga ni mama mkwe. Wanaume wakawa wanaupita viatu mkononi, wanachuma uyoga kwa adabu kama watu wanaokula ukweni. Mizinga ikajaa asali, kuni zikatosha, mashoka yakaota kutu.

Masika yakakaribia, na paa la mfalme likaanza kuvuja. Fundi akasema boriti kuu imeoza. Mfalme akapanda mlimani mwenyewe, shoka begani, akachagua mvule mrefu kuliko yote.

Kijiji kizima kikamfuata.

"Mfalme," akauliza Nakijwa, "ukiukata huu, kisiki kitabaki?"

"Kitabaki."

"Na ulisema kikionekana kisiki kimoja tunahama. Hukusema kisiki cha nani."

"Mimi ndiye mfalme," akajibu Shekiondo, akauzunguka mti kutafuta pa kuanzia.

Kumbe kanga ilikuwa imefungwa upande wa nyuma. Ya zambarau, pindo limeungua pasi. Aliijua. Ilikuwa ya mama mkwe wake, mama aliyemzaa malkia, na Nakijwa alikuwa ameifuata mwenyewe hadi mlangoni kwa bibi huyo.

Shoka likashuka polepole. Mfalme akavua makubazi, akainama.

"Shikamoo, mama," akauambia mti. Kisha akarudi kinyumenyume, kwa heshima zote, mpaka akatumbukia kwenye kijito.

"Na boriti, Mfalme?" akauliza fundi.

"Boriti gani? Nani ametaja boriti?"

Kijiji hakikuhama. Msitu upo mpaka leo, na mfalme analala na beseni kando ya kitanda. Mvua ikinyesha, malkia humwamsha akalimwage.

Funzo: Anayelishwa na msitu ndiye atakayeulinda, na sheria isiyomvua mfalme viatu haiwezi kumnyang'anya mwananchi shoka.