Mikwaruzo ya Bwana Mkwizu

Bwana Mkwizu, mwenye kiwanja, alisimamisha pikapu yake mbele ya gereji ya Tunu, akamwonyesha plastiki nyeusi iliyozunguka tairi. Ilikuwa imekwaruzika vibaya.

"Umeikwaruza jana ulipoiosha. Iwe mpya kabla ya adhuhuri, bure, la sivyo uhame kiwanjani kwangu."

Tunu alichomoa mwiba kwenye mkwaruzo, akawasha mashine ya hewa moto. "Nitailainisha, mzee, kisha niifunike kwa stika nyeusi. Ila hata pikapu anayoitafuta mwenyekiti wa kijiji ina mikwaruzo. Juzi ilipita kwenye miiba ikimwahisha mjamzito zahanati. Dereva wake atakalishwa mbele mkutanoni, apongezwe."

Bwana Mkwizu alijiona tayari amekaa mbele, akakohoa. "Zima hiyo mashine. Dereva ndiye mimi."

"Si umesema mikwaruzo ni yangu?"

"Yako wapi, binti? Hii ni ya miiba. Usiiguse."

"Basi waambie na hawa," alisema Tunu, akiwageukia wateja wawili waliokaa kwenye benchi.

Bwana Mkwizu akawaambia, mara mbili.

Jioni mkutanoni Bwana Mkwizu alikaa kiti cha mbele, shati limepigwa pasi. Wale wateja wawili walisimama kutoa ushahidi, na mwenyekiti akamwuliza kwa adabu ni lini angeujenga upya uzio wa miiba wa shule alioubomoa juzi.