Nia ya Bwana Kasiani

Wamesimulia waliotutangulia katika imani kwamba palikuwa na monasteri ya watawa wa ndani, wanawake waliojifungia kwa hiari ili kuwaombea waja wote wa Mungu. Hawakuonana na wageni. Ukutani palikuwa na kabati la kuzunguka: mgeni aliweka sadaka, akataja nia yake, na Sista Skolastika, mlinda mlango, akalizungusha na kujibu, "Tumepokea." Nia iliyopokewa ilitajwa kwa sauti kanisani kila jioni, na haikufutwa.

Mwaka wa njaa alifika Bwana Kasiani, tajiri wa bonde lile, na gunia la unga. Skolastika, maskini, tumbo lilikuwa likimnguruma. Akajibu "Tumepokea" kabla hajasikia nia.

"Niombeeni nishinde barazani," akasema Kasiani, "nilipate shamba la mjane Apolonia."

Hasira zikampanda Skolastika. Mtu ana ardhi asiyoweza kuimaliza kwa macho, bado anakitolea udenda kijishamba cha mjane, tena anamtaka Mwenyezi Mungu awe wakili wake wa kukodi! Akamkimbilia Mama Ludgarda, mkuu wa nyumba.

"Mama, nimeshatamka. Nifute neno?"

"Neno halifutwi, mwanangu. Rudisha unga. Nia tutaitaja kama ilivyo, bila kuipaka sukari, ila tutamwombea moyo mwingine."

Gunia likarudi. "Mtakula nini?" Kasiani akafoka.

"Atakachotujalia Mungu, Bwana. Unga huu hautapita kooni."

Wakala majani ya maboga yasiyo na chumvi. Jioni, kanisa likiwa limejaa na Kasiani akiwa benchi la mbele, sauti ikatoka nyuma ya wavu uliowaficha watawa: "Tumwombee Bwana Kasiani, anayelitamani shamba la mjane Apolonia, Mungu amjalie moyo mwingine." Watu wakageuka kumtazama. Kesho yake ikawa vivyo hivyo.

Hatimaye akaja kabatini, sauti imemshuka. "Sista, nitoeni aibu hii. Nataka kuleta nia nyingine. Shamba nimemwachia."

"Katamke hayo barazani kwanza, Bwana, Apolonia akisikia. Kisha uje."

Akaenda, akatamka.

Wapendwa, watawa wa namna hiyo wapo hata leo, wanatuombea tukiwa tumelala. Tuwapelekee nia zetu. Lakini inaudhi, tena inaudhi sana, kwamba wengi wetu tunamnong'oneza Mungu mambo ambayo tusingethubutu jirani ayasikie.