Kibali cha Mtu Mmoja

Hapo zamani, si zile zamani za sungura kumlaghai fisi, bali zamani za juzi tu, simu zilipokuwa zimeshaanza kusema kuliko wanyama, alikuwepo mwalimu mmoja huko Lushoto aliyeitwa Mwanaheri. Alikuwa na cheti cha ualimu chenye muhuri, alikuwa na mama mkali aitwaye Bi. Mkunde, alikuwa na binti wa miaka saba aitwaye Tunu, na kazi hakuwa nayo. Mume tusimtaje. Yeye mwenyewe hajajitaja tangu Tunu alipoota meno.

Basi Mwanaheri akasikia kuna ejensi Arusha inayopeleka wanawake nje kuwa magavanesi. Kwa msiojua, gavanesi ni yaya mwenye cheti. Anamwogesha mtoto vilevile, anamfuta kamasi vilevile, ila anayafanya hayo kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo hupewa chumba chenye dirisha.

Mwenye ejensi alikuwa Bi. Kokubanza, mwembamba wa mwili na mnene wa maneno. Mezani kwake palikuwa na bendera ndogo sita za nchi za mbali, na kila asubuhi alizifuta vumbi moja moja. Akausoma wasifu wa Mwanaheri, akashusha pumzi.

"Mwanangu, cheti chako kizuri. Lakini matajiri hawa wanataka mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Wewe umezaliwa na nini?"

"Na Kisambaa, Madamu."

"Hicho tutakiacha uwanja wa ndege. Kuanzia leo wewe ni Misi Harieti."

Jina lilikuwa rahisi. Shida ilikuwa sauti. Kiingereza cha Mwanaheri kilikuwa safi kwenye karatasi, lakini mdomoni kilitoka kimejifunga kanga. Hapo ndipo alipomkumbuka shoga yake Leokadia. Leokadia aliacha shule kidato cha pili, akatembeza watalii milima ya Usambara miaka kumi na miwili, na Kiingereza chao akakichukua chote, mpaka cha kulalamikia chai. Ukimsikiliza huku umefumba macho, ungekwenda kumtafutia biskuti. Cheti hana.

Mmoja ana cheti hana sauti, mwingine ana sauti hana cheti. Ninyi mngefanyaje? Basi na wao walifanya hivyohivyo.

Siku ya usaili wa simu ya video, Mwanaheri aliketi ofisini kwa Bi. Kokubanza mbele ya kamera, kavaa koti la kuazima. Leokadia akaingia chini ya meza. Mwanaheri akafungua mdomo na kuufunga, na Leokadia akasema. Upande wa pili alikuwa Madamu Ilona, tajiri wa mji mmoja wa baridi, mji ambao siutaji jina kwa kuwa ubalozi wake bado unatoa viza, nami nina wajukuu. Mara moja tu Leokadia alipiga chafya huko chini. Mwanaheri, kwa kuwa hakuwa mjinga, akajifuta pua. Madamu Ilona akamtakia afya njema, na kazi ikapatikana.

Siku ya kuondoka, mbele ya Bi. Mkunde, Mwanaheri alimshika Leokadia mkono. "Shoga yangu, naapa. Mlango wa kwanza utakaofunguka kule ni wako."

"Nimesikia," akasema Bi. Mkunde. Na katika nyumba ile, neno hilo likitoka kwake, ndiyo muhuri.

Akafika. Madamu Ilona alipomsikia kwa mara ya kwanza akakunja uso. "Harieti, sauti yako imekuwaje?"

"Mafua, Madamu. Baridi yenu hii."

Mafua yale yalidumu miezi mitatu. Mwanaheri akanyweshwa tangawizi na asali asubuhi, mchana na jioni, mpaka sketi zikamkataa. Hakuna mtu aliyewahi kuugua mafua akanenepa namna ile.

Mtoto aliyekwenda kumlea aliitwa Marek, wa miaka sita, na hakuwa akimsalimia mtu. Tusimlaumu. Katika mji ule watu hupanda lifti pamoja miaka ishirini na kila mtu anatazama viatu vyake. Wazazi wake walimtaka aingie shule moja ya Kiingereza, shule ya wenye navyo, na alishakataliwa mara mbili. Alipoulizwa jina lake, alitazama dari. Ilibaki mara ya tatu, na ya nne haikuwepo. Marek akikosa, Misi Harieti anapandishwa ndege siku hiyohiyo.

Mwezi wa tatu, Madamu Ilona akapiga simu Arusha. "Mafua gani haya yasiyopona? Nakurudishia mtu wako."

Bi. Kokubanza hakumeza hata mate. "Madamu, mtoto asipopita, naifunga ejensi yangu." Akaandika, akatia sahihi, akatuma, na Madamu akakubali kusubiri. Tena ejensi ile ndiyo ilikuwa shamba lake na ng'ombe wake.

Basi Mwanaheri akafundisha. Akafundisha rangi, akafundisha herufi, akaimba mpaka koo likamkauka kweli. Marek akatazama dari. Kila mchana kabla mtoto hajalala, Madamu alitaka asomewe hadithi kwa Kiingereza cha kizungu hasa, naye Mwanaheri akamwomba Leokadia amtumie hadithi zilizorekodiwa. Simu akaificha nyuma ya mto. Mtoto akawa analala na sauti ya Leokadia sikioni, siku baada ya siku. Hakusema neno, lakini alikuwa anajaza.

Kila Jumapili Mwanaheri alipiga simu ya video nyumbani. Jumapili moja Marek akampokonya simu, akamwona Tunu, na nyuma ya Tunu akaona mbuzi anatafuna shuka la Bi. Mkunde. Hajapata kuona jambo zuri kama lile. Akagonga kioo kwa kidole, anataka mbuzi asogezwe.

Tunu akageuza simu ikatazama ukuta. "Hunisalimii?" akamwambia kwa Kiingereza, kile alichokuwa akifundishwa shuleni kwa masista, kwa ada iliyotoka kwenye mshahara wa mama yake. "Kama hunisalimii, mbuzi humwoni."

Tangu azaliwe Marek hajawahi kunyimwa kitu. Akalia, akaitupa simu, akagaragara kwenye zulia la bei mbaya. Jumapili iliyofuata akarudi mwenyewe, mpole.

Tunu akaanza kazi. Salamu alizozijua yeye ni zile za bibi yake, na Wasambaa, mnawajua, husalimiana mpaka ugali unapoa. Akazichukua zote kama zilivyo akazivika Kiingereza. Umeamkaje, nyumbani hawajambo, mkeo, watoto, kazi, ng'ombe, mvua. Marek akiruka hata moja, simu inatazama ukuta. Ilipofika mwezi wa sita, Marek alikuwa anamsalimia mbuzi mwenyewe, na kumsubiri ajibu.

Mwanaheri aliposikia, alimpokonya Marek simu. "Tunu, acha hayo. Waingereza hawaulizani habari za ng'ombe. Watanigundua."

Tunu akasema ndiyo mama, na Jumapili iliyofuata akaendelea.

Asubuhi ya usaili, Mwanaheri alimfunga Marek tai, akamwinamia. "Ukiulizwa hujambo, sema sijambo, asante. Basi. Ng'ombe tumwache nyumbani."

Wakaingia. Mwalimu mkuu alikuwa Mwingereza mrefu mwenye miwani. Madamu Ilona na Mwanaheri wakakaa karibu na mlango. Mwalimu mkuu akasema, "Habari ya asubuhi, Marek."

Marek akatazama dari.

Madamu Ilona akafumba macho. Mwanaheri akaanza kupanga sanduku kichwani, viatu chini, koti juu. Ndipo mtoto akashusha macho, akajibu kwa sauti ileile ya Leokadia, iliyonyooka kama ya mtangazaji wa redio.

"Habari ya asubuhi, bwana. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Mkeo hajambo? Na watoto? Na kazi? Ng'ombe wanatoa maziwa? Mvua imefika kwenu?"

Mwalimu mkuu alikuwa na miaka kumi na mmoja katika mji ule, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza ameamkaje. Akajikuta anajibu. Ng'ombe hana. Watoto hawajambo, ila wako mbali. Mke, akasema, mke ameondoka tangu mwezi wa tatu.

Marek akafikiri. Tunu alikuwa amemfundisha kwamba mtu akikupa habari mbaya hukimbilii kwenye mvua. "Pole," akasema, kwa Kiswahili, kwa sababu Tunu alilitafuta neno hilo kwenye Kiingereza chake asilione, akampa lilivyo.

Yule Mwingereza akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Akauliza ni nani aliyemlea mtoto huyu. Madamu Ilona akamnyooshea kidole Misi Harieti. Mwanaheri akafungua mdomo, akaufunga. Kazi hiyo alikuwa na uzoefu nayo.

Marek akapokelewa. Nyumba nzima ikacheka, mpishi akalia. Mumewe Madamu Ilona alikuwa mtu wa wizara, akaja na fomu moja. "Harieti," akasema Madamu, "hiki ni kibali cha mtu mmoja kuja kuishi hapa. Akitaka kusoma asome, akitaka kazi afanye. Andika jina la umtakaye. Ijumaa tunaipeleka."

Mwanaheri akajifungia chumbani kwake, kile chenye dirisha, akalia kwa furaha. Miezi kumi hajamshika mwanawe. Mkataba ulimzuia kurudi nyumbani mpaka itimie miaka mitatu, na Tunu alishaanza kumwita Bi. Mkunde mama, na yeye kumwita mama wa kwenye simu. Jambo hilo lilimchoma kila Jumapili, na kila Jumapili alicheka kama vile halikumchoma. Akampigia mama yake kumpa habari. Akashika kalamu, akaandika T.

Alisahau kwamba kumwambia Bi. Mkunde ni sawa na kutangaza gulioni. Kabla wino haujakauka, simu ikalia.

Alikuwa Leokadia. "Shoga, nimesikia mlango umefunguka."

"Leokadia, nina mwanangu."

"Najua una mwanao. Siku unamzaa nani alikushika mgongo? Lakini uliapa. Hukuapa kwamba mlango wa kwanza ni wangu ila ukiwa mzuri sana. Niliingia chini ya meza, nikasoma hadithi mpaka nikaota vidonda kooni. Yule mtoto alipofungua mdomo pale, ilitoka sauti ya nani? Bila mimi usingekuwa hapo ulipo."

Mwanaheri aliyajua maneno yale kuwa ya kweli. Akakata simu. Ikalia tena.

"Misi Harieti," akasema Bi. Kokubanza, maana habari za gulioni zilikuwa zimeshafika Arusha. "Jina hilo nilikupa mimi. Walipotaka kukurudisha, niliweka ejensi yangu kwenye kinywa cha mtoto anayetazama dari. Bila mimi usingekuwa hapo ulipo."

"Nakushukuru, Madamu. Lakini wewe kibali cha nini? Wewe ndiye unayesafirisha watu."

Bi. Kokubanza akashusha sauti, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Nimesafirisha wasichana mia mbili," akasema, "na mimi sijavuka hata mpaka wa Namanga. Nina miaka hamsini na minane. Kila msichana ananiuliza theluji ikoje, nami namwambia. Ningependa kabla sijafa nimwambie mmoja kwa kweli."

Mwanaheri akaitazama ile T kwenye fomu. Ikalia mara ya tatu. Alikuwa Bi. Mkunde.

"Uliapa, nikasikia," akasema mama yake. "Sasa mimi sisemi kitu. Ila mtoto anataka kusema."

Tunu akashika simu. Akamwamkia shikamoo, akauliza ameamkaje, nyumbani kwa watu hawajambo, Marek hajambo, kazi inaendaje, baridi imepungua. Mwanaheri akajibu zote, moja moja, kwa kuwa alijua akiruka moja atageuziwa ukuta.

"Mama," akasema Tunu, "anti Leokadia anasema sauti ni yake. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na yule Madamu wa Arusha anasema aliweka ejensi yake. Ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Lakini salamu nilimfundisha mimi. Na wewe ulinikataza."

"Ni kweli."

"Basi usiniandike kwa sababu ni mwanao. Mwanao nilikuwa hata siku ile ya safari, na bado uliondoka. Niandike kwa sababu nilifanya kazi."

Mwanaheri akakaa kitandani na simu mkononi. Hakulia, ila alitamani angelia, maana angalau angekuwa na la kufanya.

Ijumaa ikafika. Madamu Ilona anagonga mlango, gari linanguruma nje, na kwenye fomu bado kuna herufi moja.

Nilipowasimulia akina mama wa Soni wakichambua maharage, walikaribia kushikana mashati. Kwa hiyo ninyi mapema niwaambie. Msiniambie mtoto ni mtoto, kwa kuwa mtoto mwenyewe amelikataa hilo. Msiniambie ahadi ni deni, kwa kuwa hata wasiolipa wanalijua. Wala msiseme aandike wote. Fomu ina mstari mmoja. Anayegonga anataka jina.

Leokadia aliyetoa sauti akaapiwa, Bi. Kokubanza aliyeiweka riziki yake yote rehani, au Tunu anayedai ujira wala si huruma: je, nani alistahili?