Kazi ya Jino la Chonge

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona mmelegea hivyo? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani za kale kulikuwa na bahari ya mbali inayoganda juu kama mafuta ya nazi siku ya baridi. Humo aliishi nyangumi, jina lake Chonge. Jino lake moja lilitoboa mdomo wa juu likachomoza mbele, refu kupita mpini wa jembe. Yeye na bintiye, Mashavu, walipumulia kwenye tundu moja la barafu.

Siku moja Mashavu akaibuka apumue. Kumbe juu kuna Zimwi! Likamdaka.

"Mwachie mwanangu!" akalia Chonge.

"Nipe huo mkuki wako kwanza."

"Si mkuki."

"Basi fimbo."

"Si fimbo."

"Basi mchi!"

"Si mchi. Ni jino la kuonjea maji."

Zimwi likacheka mpaka mate yakaruka. "Refu lote hilo, kuonjea maji? Mwongo mkubwa we! Lete, au namtafuna huyu!"

Chonge akaonja maji. Chumvi imekolea. Na bahari ile, chumvi ikikolea ghafla, ujue maji yanaganda. Akasema, "Ling'oe mwenyewe. Ila kwa mkono mmoja huliwezi."

Basi Zimwi likamtupa Mashavu majini, likajitosa tunduni hadi shingoni, likashika jino kwa mikono miwili. Likavuta. Lo! Jino lile lina uhai ndani, Chonge aliumwa karibu azimie. Akaonja: chumvi imekolea.

"Vuta, bwana!"

Likavuta. Chumvi imekolea.

"Vuta, bwana! Hujala leo?"

Likavuta. Barafu ikalikaba shingo, vidole vikafa ganzi, likaliachia jino.

"Nitoe, ndugu yangu!"

"Leo mimi ndugu yako? Kaa hapo hapo, mshenzi we!"

Lakini tundu nalo limeziba.

"Baba, pumzi inaniishia!"

"Niandame."

Chonge akaonja huku, chumvi. Akaonja kule, chumvi. Akaonja upande wa tatu, chumvi imepungua. Wakaogelea upande huo mbio mbio, wakatokea kwenye maji wazi. Mashavu akavuta pumzi, akalia, akamkumbatia baba yake.

Na Zimwi? Kichwa juu ya barafu, linawauliza ndege: "Hivi lile jino lilikuwa la nini?"

Zuzu lile! Si liliambiwa?

Hadithi yangu inakomea hapo. Ukiuliza ukajibiwa, sikia jibu. Haya, ondokeni, mkanawe miguu.